Pumzi ya Kisima

Mhadhiri wa somo la tafsiri aliandika ubaoni neno moja lenye asili ya Kiyunani, akaweka chaki mezani, akawageukia wanafunzi wake. Lilikuwa istilahi ya fizikia, na maana yake kamusini ni fupi: sayansi ya hewa na gesi, hususan hewa iliyoshindiliwa ikafanyishwa kazi. Kila mwanafunzi alitakiwa aende nalo likizoni, alitafutie kisawe cha Kiswahili, kisha arudi na kurasa mbili za kuutetea uteuzi wake. Darasa halikuona ugumu. Kabla ya kipindi kwisha walio wengi walikuwa wamekwisha kulitohoa, wakapata "nyumatiki", wakafunga madaftari.

Mwanafunzi mmoja aliyeketi karibu na dirisha, mzaliwa wa Makueni kwa upande wa baba na Kitui kwa upande wa mama, naye aliandika "nyumatiki". Lakini chini ya neno hilo mkono uliandika neno jingine ambalo hakuwa amelikusudia: "kisima". Alilifuta. Ilikuwa Septemba 2022, mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadhaa mfululizo Ukambani, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amepata habari kutoka nyumbani kwa bibi yake, mama mzaa mama, ng'ambo ya mto Athi, kwamba kisima cha zamani kilikuwa karibu kufunguliwa.

Siku ya tatu alipanda basi la kuelekea Mombasa. Walipofika Emali gurudumu la nyuma likatoa sauti ya kuzomea, na abiria wakashuka kungojea. Chini ya mgunga mmoja palikuwa na fundi wa pancha, mtu mzima mwenye mikono myeusi kwa mpira na mafuta, na kompresa yenye mtungi uliopakwa rangi nyekundu. Fundi alitoa mpira wa ndani, akautumbukiza katika karai la maji, akatazama mapovu yalikotokea, akakwangua, akabandika kiraka. Mwanafunzi alimwamkia, akamwuliza ni kitu gani hasa alichokuwa akikitia garini.

"Upepo," fundi akajibu.

"Si hewa?"

Fundi alimtazama kama atazamavyo mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake mwenyewe. "Kijana, hewa ni hii inayotuzunguka. Haina kazi. Ukiisha kuifungia ndani ikaanza kusukuma, hapo inaitwa upepo. Hili gurudumu linabeba tani na tani, nalo halikubebwa na mpira. Limebebwa na upepo."

Yamkini hakuna kamusi iliyowahi kutenganisha maneno hayo mawili namna hiyo. Vitabuni upepo ni hewa iendayo, na hewa iliyotuama haina jina zaidi ya hewa. Lakini pale Emali, na Sultan Hamud, na Makindu, na Mtito Andei, penye kila mti wenye kivuli na kila mtungi wa kompresa, watu hutia upepo, hupima upepo, huishiwa upepo. Lugha ya barabarani imelitatua swali la mhadhiri zamani za kale, bila semina wala kamati ya istilahi, nasi wa vyuoni hatukuuliza.

Dereva wa lori lililokuwa limeegeshwa pale aliyasikia mazungumzo, akaongeza yake. Breki za malori, alisema, ni breki za upepo. Injini huzungusha kompresa, kompresa hujaza matangi, na mguu wa dereva hufungua tu njia ya upepo kwenda magurudumuni. Ndiyo sauti ile ya "tsss" isikikayo kila lori lisimamapo. Mwanafunzi aliuliza, upepo ukivuja wote je, gari likiwa mteremkoni? Dereva akacheka. Breki ya kuegeshea ina springi nene ambayo daima hutaka kuyakamata magurudumu, na ni upepo unaoirudisha nyuma. Upepo ukiisha, springi hushinda, lori husimama lenyewe. Mwanafunzi aliliandika jambo hilo daftarini kwa makini: hapa upepo haukuwa mguvu wa kusimamisha, ulikuwa ruhusa ya kwenda. George Westinghouse, Mmarekani aliyepata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, aligundua hekima iyo hiyo miaka michache baadaye alipougeuza mfumo wake ili bomba likipasuka breki zikamate badala ya kuachia.

Basi liliondoka. Njiani mwanafunzi alilirudia neno la Kiyunani. Shina lake ni pneuma, na Wayunani waliliita kwa jina hilo moja pumzi ya mtu, upepo wa baharini na roho isiyoonekana. Heron wa Aleksandria, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kitabu kizima kwa jina hilo, akaeleza mitambo iliyoendeshwa kwa hewa na maji: milango ya hekalu iliyojifungua moto ulipowashwa madhabahuni, kwa kuwa hewa ikipata joto hutanuka na kuyasukuma maji. Huko Baghdad katika karne ya tisa wana wa Musa waliiendeleza sanaa hiyo kwa Kiarabu. Na Kiarabu chenyewe kina ruh na rih, roho na upepo, zikiwa tawi mbili za mzizi mmoja. Kiswahili kilichukua roho kutoka huko, kikachukua hewa pia, kisha kikabaki na upepo wake wa Kibantu, ambao ndugu zake ni pepo aliyempanda mgonjwa, na Pepo wanakokutarajia wacha Mungu, na kupepea, na kupepeta.

Na Kikamba? Hapo ndipo mwanafunzi alipogundua kwamba hakuwa amewahi kuitazama lugha ya mama yake kwa jicho la darasani. Hewa ni nzeve. Upepo ni kiseve. Kupumua ni kuveva, na Roho Mtakatifu, katika Biblia iliyokuwa juu ya kabati la bibi yake, ni Veva Mutheu. Wayunani wa Aleksandria na wakulima wa Ikutha, bila kupelekeana barua, walikuwa wamepita njia moja.

Gesi ndiyo yenye historia ya ajabu zaidi. Neno hilo lilibuniwa katika karne ya kumi na saba na Jan Baptist van Helmont, mtu wa nchi iitwayo leo Ubelgiji, aliyelitoa katika neno la Kiyunani la machafuko ya kabla ya kuumbwa ulimwengu. Kabla yake kila kisichoonekana kilikuwa hewa tu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Joseph Black wa Uskoti alithibitisha kwamba mna katika chokaa na katika pumzi za watu hewa ya namna nyingine, inayozima moto na kuua mnyama aliyefungiwa ndani yake. Leo tunaiita kabonidioksaidi. Lita moja yake ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya lita ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutelemka na kukaa chini, kama maji yakaavyo bondeni.

Mwanafunzi aliyajua hayo tangu kidato cha tatu. Aliyaandika katika mtihani, akapata alama. Wala siku ile hakuyahusisha na mjomba wake.

Barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui sasa ina lami, na daraja la Athi huvukwa kwa dakika moja. Ng'ambo, miti ya mibuyu husimama peke yake katika ardhi nyekundu. Alipofika kwa bibi yake jua lilikuwa limeinama. "Susu," aliita mlangoni, na kikongwe akatoka akamshika mikono yote miwili, akamwuliza habari za baba yake, za chuo, za njiani, za baba yake tena. Hakutaja kisima. Kisima kilikuwa nyuma ya boma, hatua hamsini, kimefunikwa kwa magogo na matawi ya miiba tangu mwaka 2009.

Mwaka huo pia ulikuwa wa ukame. Maji yalipungua kisimani hata ndoo ikawa inapanda na tope, na mjomba akaamua kushuka ili akiongeze kina. Kilikuwa na pima nane, kimechimbwa kwa sururu katika mwamba uliopasukapasuka, na hakuna aliyekuwa ameingia humo kwa muda mrefu. Aliteremka saa tisa alasiri, baada ya kazi nyingine za siku. Waliokuwa juu walisikia sururu mara chache, kisha wasisikie. Wakaita. Kijana wa jirani, mwenye nguvu na moyo, alishika kamba akamfuata. Naye hakujibu. Mtu wa tatu alizuiwa na wanawake kwa kushikwa nguo.

Maiti zilipotolewa hazikuwa na jeraha. Wala kisima hakikunuka. Katika hali hiyo mtu angesema nini? Wapo waliosema ni aimu, mizimu waliokasirishwa kwa kuchimbiwa makao. Wapo walokole waliosema ni pepo. Mbuzi alichinjwa, sala zikafanywa, magogo yakawekwa. Mwanafunzi wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, na alichokumbuka zaidi ni kwamba baada ya hapo watoto walikatazwa mchezo wao.

Ulikuwa mchezo wa unyoya. Kisima kilikuwa na mfuniko wa zege wenye tundu la kamba, na watoto waliweka unyoya wa kuku juu ya tundu. Asubuhi kabla ya kwenda shule unyoya ulimezwa. Alasiri waliporudi, ukiuweka pale ulirushwa juu, ukacheza hewani kama kitu kilicho hai. Walisema kisima kimekula staftahi, na sasa kinacheua.

Usiku ule, akiwa amelala chini ya paa la mabati lililokuwa likilia kwa baridi, mchezo huo ulimrudia, naye akaketi. Katika nchi za tropiki kanieneo ya angahewa hupanda na kushuka kila siku kwa saa zake, kama maji kujaa na kupwa huko Lamu: hufikia kilele kama saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, hupanda tena hadi saa nne usiku. Tofauti yenyewe ni milibari chache tu, hakuna mwili wa mtu unaoihisi. Lakini kisima kilichochimbwa katika mwamba wenye nyufa ni mdomo mdogo wa pafu kubwa. Nyuma ya kuta zake mna hewa ya ardhini, na hewa hiyo, kwa sababu ya mizizi ya miti na vijidudu vinavyopumua udongoni, aghalabu ina kabonidioksaidi nyingi na oksijeni haba. Kanieneo ya juu ikipanda, kisima huvuta hewa safi. Ikishuka, ardhi hutoa pumzi, na pumzi hiyo nzito hubaki chini. Mchana pia hewa ya kisimani huwa baridi kuliko ya nje, nayo hewa baridi haipandi. Saa tisa alasiri, mwezi wa ukame, kisima ambacho hakijaingiwa siku nyingi: mjomba alishuka katika saa mbaya kuliko zote.

Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikipungua chini ya 10 mtu huzimia upesi, mara nyingi bila kuhisi kwamba yuko hatarini, na anayeshuka kumwokoa huzimia vilevile. Ndiyo sababu visima huua wawili wawili, watatu watatu.

Kulipopambazuka alimweleza bibi yake. Alitumia Kikamba, na palipokosekana neno akatumia Kiswahili, na hapo ndipo masomo yake yote ya tafsiri yalipomwangusha. Alisema "gesi". Susu akatikisa kichwa: gesi anaijua, ni ile ya mtungi wa kupikia iliyoko kwa mkaza mwanawe, na gesi hunuka, kisima hakikunuka. Alisema "hewa chafu". Susu akajibu kwamba kisima hakikuwa na uchafu, marehemu mwanawe alikuwa mtu safi. Alisema "kukosa oksijeni". Susu akanyamaza kwa adabu, kama anyamazavyo mtu kanisani mhubiri anapotumia lugha ya ng'ambo. Kwa upande wake kikongwe alikuwa na neno moja tu, pepo, na neno hilo, ukweli usemwe, lilikuwa limefanya kazi: kwa miaka 13 hakuna mtu aliyeingia humo.

Ila sasa kuna ambaye angeingia. Dumu la maji lililoletwa kwa bodaboda lilikuwa ghali, na mtambo wa kuchimba kisima kirefu, ule unaotumia nyundo ya upepo kuponda mwamba na kuipuliza changarawe juu, hauji kwa boma moja la maskini. Wajomba wadogo walikuwa wamemlipa mchimbaji nusu ya ujira. Angefika kesho yake, baada ya chakula cha mchana.

Mwanafunzi alikumbuka neno alilolikuta maktabani. Mashariki mwa Kongo, kandokando ya ziwa Kivu, hasa karibu na Goma na Sake, yapo mabonde madogo ambamo kabonidioksaidi ya volkano hujikusanya, hasa usiku upepo ukitulia. Mbuzi huingia humo wakafa, na watoto, na wapita njia waliochutama. Watu wa huko huyaita mazuku. Msomaji wa Mombasa au Unguja huenda asilitambue neno hilo, lakini wanajiolojia wa Ulaya wamelichukua vivyo hivyo lilivyo, wakaliandika katika makala zao, wakieleza kwamba ni Kiswahili na maana yake ni upepo mwovu. Sisi tunahangaika kutohoa ya kwao, nao wametohoa letu. Na mazuku hayamwambii mtu kwamba kuna mzimu wa kutuliza kwa mbuzi; humwonyesha mahali na wakati, humwambia asipite pale alfajiri.

Akamwuliza bibi yake: "Susu, unaukumbuka unyoya?"

Susu aliukumbuka. Alinyamaza muda mrefu, akachora vumbini kwa fimbo. "Kisima kinaveva," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Kinapumua. "Asubuhi kinavuta, jioni kinatoa." Kisha akauliza swali ambalo mjukuu hakuwa amelitarajia: "Alishuka saa ngapi?"

"Saa tisa, Susu."

Kikongwe aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Alitoka jua likiwa juu sana, akaagiza apelekewe mchimbaji ujumbe kwamba asije kesho na kamba tu. Aje na taa.

Mchimbaji alikuwa mtu wa makamo, asiyependa kufundishwa kazi. Hata hivyo alipoambiwa kwamba kisima kinapumua hakucheka. Wachimbaji wa zamani, alisema, hushusha tawi lenye majani na kulipandisha mara nyingi kabla ya kuingia, na baba yake alifanya hivyo bila kueleza kwa nini. Waliondoa magogo. Saa tisa alasiri wakashusha taa ya chemni kwa kamba. Ilikwenda pima moja, mbili, tatu, mwanga ukitetemeka juu ya mawe. Katika pima ya tano ikazimika, si kwa kupepesuka, bali kama jicho linavyofumba. Waliipandisha, wakaiwasha, wakaishusha tena. Ikazimika palepale. Susu alikuwa ameketi mbali, mgongo wake umeelekea kisima, akamwuliza mjukuu wake imefika wapi. Alipoambiwa, hakusema kitu.

Mwanafunzi alieleza pia upungufu wa taa, maana lisilosemwa huua. Moto huzimika oksijeni ikipungua, na hilo ni onyo zuri. Lakini pampu ya petroli ikiteremshwa kisimani hutoa kabonimonoksaidi, nayo haizimi taa wala hainuki. Injini isishushwe humo kabisa, na mtu asishuke bila kufungwa kamba ambayo walio juu wanaweza kumvutia hata akizimia.

Basi ikabaki kuiondoa hewa ile. Jioni mwanafunzi alikwenda sokoni Ikutha kwa fundi wa pancha wa huko, kijana aliyekuwa na kompresa ya injini ya petroli. Walibishana bei. Kulipopambazuka kompresa ilikuwa imewekwa hatua ishirini kutoka kisimani, upande ambao kiseve kiliuchukua moshi kuupeleka porini, na bomba refu, lililoungwa mara tatu kwa waya na mipira, likashushwa hadi chini. Injini ilinguruma tangu alfajiri. Watoto wa boma, ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2009, walikusanyika kutazama, na mmoja wao akatupa unyoya juu ya mdomo wa kisima. Ukapanda.

Saa mbili wakashusha taa. Ikafika pima ya nane, ikabaki ikiwaka, mwanga wake ukimeta juu ya tope. Wakaiacha humo muda mrefu kabla ya mchimbaji kujifunga kamba kiunoni na kwapani. Watu wanne walishika upande wa juu. Alivuka pima ya tano bila kusimama. Alipofika chini walimwita, akaitika. Wakamwita tena, akaitika kwa hasira kwamba wamwache afanye kazi. Sururu ikaanza kusikika. Susu aliigeuza polepole kigoda chake, akaketi akikitazama kisima.

Baada ya muda kompresa ikakohoa kwa kupungukiwa petroli, na kabla ya fundi kuinuka sauti ilipanda kutoka kisimani, nzito, yenye mwangwi:

"Ongezeni upepo!"